Maji ya Babu, Saa Nane Usiku

Nadhani tulikuwa tumeshaipita Manyoni. Konda alikuwa amezima ile filamu ya mapigano, taa za ndani hakuna, basi zima linakoroma. Niliamka jicho la kushoto likiwa kavu kama limemwagiwa unga, na kabla akili haijaamka vizuri mkono ulikuwa umeshafika. Nikalifikicha.

Lenzi ikatoka.

Anayevaa lenzi anaijua hiyo sekunde. Upande mmoja wa dunia unabaki na kingo zake, upande wa pili unageuka uji. Niliganda vilevile nilivyokuwa, maana ukijitikisa tu umeikalia, na ukiikalia imekwisha. Nikaanza kupapasa taratibu: mtandio, mapaja, pembeni ya siti.

"Umedondosha nini, mwanangu?"

Ni jirani yangu wa siti. Tulipanda wote Mbezi saa tisa alasiri. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza naenda kwa nani, akanieleza kwamba yeye anashukia Mwanza halafu anaunganisha Magu. Tangu hapo alikuwa analala na kuamka akiwa amekumbatia kofia yake. Nikamwambia nimedondosha lenzi. Kimya. Nikajaribu tena: "Kioo cha jicho, babu. Kile cha kuvaa ndani."

"Ndani ya jicho?"

"Ndani."

Sura yake sikuiona, ila nilimsikia akivuta pumzi. Akatoa kitochi chake, simu ya vibonye yenye mwanga wa kushinda taa za baadhi ya magari yetu, akaanza kumulika polepole kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka. Aliyeiona ni yeye. Ilikuwa imenasa kwenye mkono wa koti lake. Akaiokota kwa vidole viwili, vidole vilevile nilivyoviona Dodoma vikimalizana na paja la kuku, akaipuliza, fuu, kisha akafungua chupa yake ya maji ya kunywa.

"Isuuze, mwanangu. Haya ni maji safi, nimenunua mwenyewe."

Nikakinga kiganja. Akamimina. Nikaisuuza, nikaitia jichoni, nikapepesa macho huku machozi yakinitiririka hadi kidevuni.

"Sasa unaona?"

"Naona, babu. Asante sana."

Sikuwa naona kitu.

Chini, kwenye buti

Tuliozoea safari ndefu tunajua zamani ilikuwaje: basi linaondoka kumi na mbili asubuhi, na giza likikukuta njiani hakuna namna, mnalala mlipofika. Kwa mvaa lenzi ilikuwa nafuu bila yeye kujua. Unavaa asubuhi, unavua usiku. Tangu mwaka 2023 mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku kucha, mtu unapanda na lenzi zako mchana na unashuka nazo mchana wa kesho yake, na katikati hapo umelala nazo. Mimi sikuwahi kulifikiria hilo kama badiliko la macho yangu. Nililifikiria kama badiliko la nauli na muda.

Miwani yangu ilikuwa kwenye begi kubwa. Dawa ya kuoshea lenzi, chupa kubwa ya mililita mia tatu na kitu, ilikuwa kwenye begi kubwa. Begi kubwa lilikuwa kwenye buti, chini ya miguu yetu, limelaliwa na magunia ya watu. Juu nilikuwa na pochi yenye simu, chaja, karanga, pafyumu na kikopo cha lenzi kitupu, ambacho hata sijui nilikibeba cha nini.

Basi lilisimama mara mbili usiku ule, abiria wakachimbe dawa. Nami nilishuka nikachimba dawa kama wenzangu. Dawa niliyoihitaji ilikuwa mita mbili kutoka niliposimama, nyuma ya mlango wa chuma, na ilihitaji sentensi moja tu kwa konda: kaka, naomba unifungulie buti.

Sikuisema.

Kwa nini sikukataa

Hili ndilo limenikalia kooni karibu miezi miwili sasa. Hatari yenyewe naielewa. Nisichokielewa ni ule utii wangu.

Kwa sababu nilijua. Si kwamba nilikuwa mjinga wa mambo haya. Siku ya kwanza nilipopewa lenzi, yule mtaalamu alinirudia mara tatu: mikono kwa sabuni, kausha, maji yasiguse lenzi, si ya bomba, si ya chupa, wala mate usithubutu. Nilitikisa kichwa kama mwanafunzi mwema. Na miaka minne baadaye, saa nane usiku, nikakinga kiganja.

Nimejitetea kwa mengi. Kwamba kulikuwa na giza. Kwamba nilikuwa na usingizi. Ukweli ni kwamba kukataa kungenilazimu kumwambia mzee aliyeamka usingizini kunisaidia kwamba vidole vyake ni vichafu na maji yake hayafai. Mimi nimelelewa Tanga. Maji uliyopewa na mtu mzima unayapokea kwa mikono miwili, hata kama huna kiu, unayagusisha mdomoni ndipo unayaweka chini. Hakuna aliyenifundisha adabu ya kukataa maji. Sijui hata ingeanza na neno gani.

Na kuna jingine, dogo zaidi, la aibu zaidi. Namba yangu ni hasi sita na nusu kila jicho. Bila lenzi, mkono wangu nikiunyoosha siwezi kuhesabu vidole vyake kwa uhakika. Miwani yangu ni mizito, inayafanya macho yawe madogo kama ya panya, na shuleni iliniletea jina la Profesa ambalo lilinifuata hadi kidato cha sita. Nilipopata lenzi niliacha kuwa Profesa. Ofisini kuna watu ninaofanya nao kazi mwaka wa tatu hawajui kama sioni. Kumwambia yule mzee "babu, acha tu, nitakaa hivihivi hadi Singida" kungekuwa kukiri mbele ya siti zote nne za jirani kwamba mimi ni kipofu wa nusu. Nikaona bora niutie huo uchafu jichoni kuliko kulisema hilo.

Ukiandika hivi unajiona ulivyo.

Lenzi inakunywa maji

Kitu kimoja nilikuwa sikijui, na ningekijua mapema pengine ningeogopa vizuri zaidi. Lenzi laini ni sifongo. Mkemia mmoja wa Chekoslovakia, Otto Wichterle, ndiye aliyezitengeneza za kwanza zilizofaa kuvaliwa, nyumbani kwake, Krismasi ya mwaka 1961, kwa mashine aliyoiunga kwa vyuma vya kuchezea vya watoto na dinamo ya baiskeli. (Dinamo! Ile ya kuwashia taa ya Phoenix. Hilo nilipolisoma nilicheka peke yangu.) Plastiki aliyoitumia ilikuwa ya aina inayofyonza maji na kuyashika, na ndiyo maana inakuwa laini na jicho linaivumilia.

Sasa, sifongo haichagui. Machozi yetu yana chumvi, na dawa ya lenzi imetengenezwa ifanane nayo. Maji ya kunywa hayana chumvi hiyo. Lenzi ikiyapata inayavuta, inavimba, inabadilika umbo na kulikaba jicho. Ndiyo maana usiku ule iliuma kama nimetia sabuni, na ndiyo maana nilipotaka kuivua Mwanza saa sita mchana ilikuwa imeng'ang'ania kama konokono kwenye jiwe. Na chochote kilichokuwa ndani ya yale maji, nacho kilikuwa kimepata kitanda.

Picha za Jumamosi

Nilikuwa nimekwenda harusini. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anaolewa, mimi ni mpambe wake. Ijumaa jioni nilivua lenzi, nikazilaza kwenye kikopo, nikazimiminia dawa, nikalala. Asubuhi ya Jumamosi jicho la kushoto lilikuwa jekundu upande wa pua.

"Vumbi la Singida hilo," akasema mama mdogo.

Nikakubali haraka. Ukitaka jambo liwe vumbi, litakuwa vumbi. Nikavaa lenzi zilezile. Nikapaka wanja. Nikakaa nazo saa kumi na nne, kwenye moshi wa udi, jua la uani, na taa za mpiga picha. Binti mmoja wa jirani alinipa matone yake ya kuondoa wekundu, eti yeye hayamwachi, na jioni ile jicho likawa jeupe pee kwa saa mbili. Kwenye picha nimetoka vizuri. Mtu asiyejua hawezi kuona lolote.

Jumapili alfajiri niliamka nikidhani kuna mtu amewasha taa. Hakuna aliyewasha taa. Ilikuwa ni mwanga wa chini ya mlango, na ulikuwa unanichoma.

"Umesafishia nini?"

Daktari alikuwa mdogo kwangu kwa umri. Aliniweka kidevu kwenye ile mashine, akanigusisha kikaratasi chenye rangi ya chungwa ndani ya kope, akawasha taa ya buluu. Alitazama muda mrefu. Kisha akapiga picha kwa simu yake kupitia lenzi ya mashine, akanionyesha: jicho langu kubwa kama sahani, na pembeni mwa mboni doa la kijani linalong'aa, dogo kuliko punje ya mtama.

"Una kidonda kwenye konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho. Ulilala na lenzi?"

"Hapana."

"Umesafishia nini? Maji?"

"Dawa yake."

Uongo mara mbili, ndani ya pumzi moja. Sikuupanga. Ulitoka wenyewe, kama mtu anavyosema "nzuri tu" akiulizwa hali. Akaandika. Niliiona kalamu ikiandika uongo wangu kwenye karatasi yenye jina langu, na hata hapo sikuizuia.

Akanitia ganzi, akakwangua kidogo juu ya kidonda kwa ajili ya maabara, akanipa dawa ya matone. Tone moja kila saa. Usiku pia. "Kila saa maana yake kila saa," akasema, "na kesho nikuone." Yale matone ya jirani nilimtajia, walau hilo. Akaniambia yatupwe. Kumbe matone ya kuondoa wekundu hayatibu kitu, yanakunja mishipa ya damu tu jicho lionekane limepona. Na mengine yanayouzwa madukani yana steroidi ndani, dawa ya kutuliza uvimbe inayopunguza kinga, ambayo kwenye kidonda cha vijidudu ni kama kumfungulia mwizi geti.

Mama mdogo alitega alamu. Saa tatu usiku, saa nne, saa tano. Mwanamke aliyekuwa ametoka kuozesha mtoto jana yake, miguu imevimba, anaingia chumbani kila saa, anawasha taa ya simu na kuielekeza ukutani isinichome, ananivuta kope la chini kwa kidole cha shahada, anatia tone. "Bismillahi." Anatoka. Karibu na saa tisa usiku alikaa kitandani pembeni yangu kwa sababu aliona hakuna maana ya kwenda na kurudi. Tukaongea ya zamani. Akaniuliza, bila kunitazama, "Lakini ilikuwaje hasa?"

Nikamweleza yote. Manyoni, kitochi, kuku, chupa.

"Na daktari umemwambia?"

Sikujibu. Alamu ya saa tisa ikalia.

Mara zote nilizoponea

Kati ya tone na tone nilikuwa na muda mwingi wa kuhesabu. Dada yangu anaishi Muscat. Nimekwenda kwake mara tatu, ndege inaondoka usiku, na mara zote tatu nililala na lenzi. Hewa ya ndani ya ndege ni kavu kuliko ya Dodoma mwezi wa kumi, unyevu wake huwa chini ya asilimia 20. Nilikuwa nashuka macho yakikwaruza kama yana mchanga, nayasukutua na matone, nasonga mbele. Mara moja dawa yangu ilichukuliwa kwenye ukaguzi, Dar, kwa sababu chupa ilizidi mililita 100. Sheria hiyo ipo tangu mwaka 2006, hakuna wa kumlaumu. Nilifanyaje? Nilivaa lenzi zilezile hadi kesho yake mchana, dada aliponitafutia dawa nyingine. Nimeogelea nazo Nungwi. Nimewahi kukata pilipili mbuzi, nikanawa, nikasubiri saa tatu, nikavua lenzi, na nikajua pilipili ni nini.

Hakuna kilichotokea. Na hapo ndipo lilipo tatizo. Kila safari niliyoponea ilinifundisha kwamba yule mtaalamu alikuwa anatia chumvi. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kinasema kulala na lenzi kunaongeza uwezekano wa maambukizi ya jicho mara 6 hadi 8. Lakini ukiwa umelala mara thelathini ukaamka salama, namba hiyo inakuwa ya watu wengine.

Jambo moja tu nililokuwa nalifanya sawasawa, na halikutokana na akili yangu. Nilipoanza kuvaa lenzi, mama aliniuliza udhu utashika vipi na plastiki jichoni. Tukamuuliza shehe wa mtaani, akasema ndani ya jicho hapaoshwi, osha uso, fumba macho. Basi mara tano kwa siku, kwa miaka minne, nimekuwa nafumba macho kisawasawa kabla maji hayajanigusa. Mama anasema dini imenilinda. Sibishani naye.

Kesho yake

Asubuhi, kabla sijakaa vizuri kwenye kiti, nikasema: "Daktari, jana nilikudanganya. Nililala na lenzi kwenye basi, na niliisuuza kwa maji ya kunywa."

Akaweka kalamu chini. Nilikuwa nimejiandaa kufokewa. Hakunifokea.

"Afadhali umesema leo."

Kisha akanieleza kwa nini, na hapo ndipo mikono ilipoanza kunitoka jasho. Kuna kiumbe kinaitwa Acanthamoeba, amiba, kinaishi kila mahali penye maji na udongo: bombani, kisimani, ziwani, hata kwenye vumbi. Tunakinywa na hakitufanyi kitu. Kikibanwa na mazingira mabaya kinajifungia kwenye gamba gumu ambalo klorini ya kawaida haiwezi kulivunja. Maji ya chupa tunayaita safi kwa maana ya tumbo. Jicho ni habari nyingine. Konea haina mishipa ya damu, inavuta hewa yake moja kwa moja kutoka nje, kwa hiyo hata askari wa mwili wanafika hapo kwa kuchelewa. Amiba ikipata mkwaruzo na ikafunikwa na lenzi juu yake, inakaa. Mwanzoni inafanana na ugonjwa mwingine, mara nyingi inachukuliwa kuwa ni virusi vya herpes, na mgonjwa anatibiwa kisichomuuma. Kuiua kunachukua miezi. Wako wanaoishia kubadilishiwa konea.

"Kwa hiyo ukiniambia umetumia dawa," akasema, "mimi amiba naiweka mwisho kwenye orodha. Ukiniambia maji, naisogeza juu. Umeona?"

Nimeona.

Akaniambia kidonda changu kimekuja kwa kasi, na amiba kwa kawaida haina haraka hivyo, kwa hiyo nisikate tamaa. Akataka nimletee lenzi zenyewe, kama sijazitupa. Na kikopo.

Kikopo

Mchana huo, nikisubiri mama mdogo amalize kupika, nilituma sauti kwenye kundi letu la familia. Dakika nne. Niliisimulia vizuri, nawajua watu wangu: kitochi, fuu, vidole vya kuku. Kundi likaanguka kwa kicheko, halafu likaanza kumlaani. *Huyo mzee kakuua jicho.* *Watu wazima wengine bwana.* Mjomba aliye Mombasa akasema ndiyo maana yeye kwenye basi haongei na mtu. Sikumtetea. Niliweka na kile kikatuni cha kucheka hadi machozi.

Saa tisa nilimpelekea daktari kikopo. Akakifungua chini ya taa. Kifuniko cheupe, kifuniko cha kijani chenye herufi L. Akavaa glavu, akapitisha kidole ndani ya upande wa kushoto, akakiinua. Kwenye glavu kulikuwa na utelezi mwembamba, ule unaoukuta kwenye kuta za mtungi uliokaa bila kusuguliwa.

"Hiki ni cha lini?"

Nikafikiri. Kilikuja na lenzi za mwanzo.

"Za mwanzo za mwaka huu?"

"Za mwanzo kabisa."

Kikopo kinatakiwa kitupwe kila miezi mitatu. Changu kilikuwa kinaingia mwaka wa tano.

"Na dawa ya jana huwa unaimwaga, au unaongezea juu?"

Dawa ni ghali. Naongezea juu. Nimekuwa nikiongezea juu kila usiku kama mama lishe anavyoongezea maji kwenye birika la chai asubuhi nzima, chai ileile, rangi inafifia. Dawa iliyokwishatumika haiuwi tena, na mpya kidogo ukiichanganya nayo unaipunguza nguvu. Nilichokuwa nalaza lenzi zangu ndani yake kilikuwa ni kidimbwi.

Daktari akafunga kikopo, akakitia kwenye mfuko wa maabara.

"Basi tusimlaumu mzee haraka," akasema.

Majibu yalitoka baada ya siku tatu. Amiba haikuonekana, si kwenye jicho wala kwenye lenzi. Jicho lilikuwa na bakteria wapendao sehemu za majimaji. Walewale walioota kutoka kwenye kikopo.

Kurudi

Jicho limepona. Limebaki na kovu dogo pembeni, kama chembe ya chumvi, mahali ambapo halinizuii kuona. Daktari alisema ningekuwa na kidonda hichohicho katikati, leo tungekuwa tunaongea mengine. Alisema pia nisije nikachukua majibu yale kama ruhusa ya kutumia maji, kwamba kuvuka barabara umefumba macho ukafika salama hakuifanyi barabara kuwa salama.

Nilirudi Dar kwa basi, kwa sababu nauli ya ndege ilikuwa imekwenda kwenye dawa. Nilivaa miwani tangu Nyegezi. Kijana aliyekaa pembeni yangu aliniuliza kama ni mwalimu. Nikamwambia ndiyo, nafundisha hesabu, tukaongea hesabu hadi Nzega na sijui hata nilichokuwa nasema.

Siku hizi nikisafiri miwani inakaa usoni na lenzi zinakaa kwenye pochi, navaa nikifika. Nimehamia zile za siku moja kwa ajili ya safari: unavaa, unatupa, hakuna kikopo. Bei yake inauma, ila nimeshaijua bei nyingine. Kachupa ka dawa ka mililita 60 kapo kwenye pochi, pamoja na kipande cha sabuni kwenye mfuko wa nailoni, kwa sababu kile kitakasa mikono chenye spiriti ukikipaka halafu ukashika lenzi utaimba. Ofisini watu wameniona na miwani. Mmoja alisema imenipendeza. Wengine hawakugundua chochote, na hilo ndilo lililoniuma kidogo, baada ya kujificha kote kule.

Kwenye kundi la familia sikurekebisha ile habari. Nimeandika mara mbili, nikafuta. Sauti ya dakika nne inasambaa vizuri kuliko marekebisho, na mtoto wa shangazi ameshaisimulia kwenye harusi nyingine.

Wiki iliyopita simu iliita namba nisiyoijua. Nilikuwa nimesahau kwamba tuliachiana namba Nyegezi, alinitaka nimjulishe nikifika kwa mama mdogo, na sikumjulisha.

"Mwangaluka, mwanangu! Jicho linaonaje?"

"Shikamoo babu. Linaona. Linaona vizuri."

"Unajua nimewahadithia wajukuu hapa, hawaamini. Nawaambia binti aliangusha jicho kwenye basi, usiku, na mimi ndiye niliyeliokota. Wanasema babu unatudanganya. Hebu waambie. Nakuweka kwenye spika."

Kukawa na kelele za watoto, na kuku mahali fulani, na mtu anayetwanga.

"Ni kweli," nikasema. "Aliyeliokota ni babu yenu."